Tumbo kutanuka baada ya upasuaji wa kupunguza uzito
Dada, unauliza kama tumbo lako (mfuko wa chakula) limetanuka, kwa kuwa sasa unakula zaidi, miezi minane baada ya kupunguzwa. Hiyo si dalili kwamba limerudi kama zamani. Mwanzoni ulishiba kwa vijiko vitatu kwa sababu pia ya uvimbe wa kidonda. Ukiisha, tumbo hulegea kidogo. Mlo mmoja wa sherehe hauliharibu. Daktari aliondoa takriban asilimia 80, hasa sehemu ya juu inayotanuka kirahisi. Hatari ni kujishindilia kila siku. Mimi ningechunguza kwanza unachokula: juisi na aiskrimu (ndizo adui wakubwa!) hupita haraka bila kushibisha. Anza na protini, tafuna taratibu, maji yasubiri dakika 30 baada ya kula. Ukitapika mara kwa mara, mwone daktari aliyekupasua.