Barua kwa mwanangu: usipimie ukingoni

Mwanangu,

Picha za kiwanja cha Lushoto nimezipata. Umeuliza kama mita 3 alizosema fundi, kutoka ukingo wa mteremko hadi msingi wa nyumba, zinatosha. Hazitoshi. Tatizo ni pale alipoanzia kupima.

Kinachoamua ni kimo cha mteremko wote, kutoka unapoishia chini hadi juu. Mtu ajifunge kamba mtini, ashuke na ubao ulionyooka wa mita 1. Aulaze kwa pima maji, kisha ashushe futi kamba wima kutoka ncha ya nje hadi ardhini. Aandike, ashuke hapo, arudie hadi chini kabisa. Wima zote zikijumlishwa ndicho kimo. Mbao zote zilizolazwa ndizo ulalo, yaani umbali wa usawa.

Kanuni inayotumika ni msingi kukaa nyuma ya ukingo kwa theluthi ya kimo. Kimo cha mita 12, rudi mita 4. Lakini hiyo ni kama mteremko haujazidi nyuzi 45, na wako umesimama kuliko hapo. Tuseme kimo ni 12 na ulalo ni 7 tu. Kuanzia chini, hesabu ulalo wa mita 12, sawa na kimo: utakuwa umeupita ukingo kwa mita 5 kuingia kiwanjani. Hapo ndipo ukingo wa kweli ulipo. Ongeza zile 4, zinakuwa 9 kutoka ukingo unaouona. Kipande hicho cha mbele kihesabu kuwa ni cha mvua, si chako.

Masika yakiisha, kitembelee kiwanja. Ukikuta ufa mrefu ardhini unaokwenda sambamba na ukingo, miti iliyopinda shinani kisha ikanyooka juu, au maji yanayochuruzika katikati ya mteremko, usichimbe hata shimo moja kabla mhandisi hajafika. Kama chini kuna mto, nao unaula mteremko kwa chini. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto.

Fundi atataka kukata udongo wa juu aumwage mbele ili apate usawa. Mkatalie. Nusu ya nyumba itakalia udongo wa asili, nusu kifusi. Kifusi kitatitia, na ufa utapanda ukutani pale pale viwili hivyo vinapokutana. Shusha msingi kwa ngazi hadi udongo mgumu. Kimo cha kila ngazi kisizidi unene wa zege la msingi, na zege la juu lilalie la chini mara mbili ya kimo cha ngazi, lisipungue sentimita 30.

Kisha maji, ambayo huangusha nyumba nyingi za mteremkoni. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000. Zikizama mbele ya msingi, udongo unaongezeka uzito huku unalegea. Weka gata, na bomba lishuke hadi chini kabisa. Likiishia katikati ya mteremko litachimba korongo. Karo la choo likae ubavuni, kamwe lisiwe kati ya nyumba na ukingo. Migomba usipande pale, mizizi yake ni ya juujuu. Panda vetiva, nyasi za kushika udongo, kwa mistari inayokatisha mteremko, shina na shina sentimita 10 hadi 15.

Nitumie kimo na ulalo kabla hujanunua mawe.

Baba