Shangazi, mchumba wangu anasema nina moyo wa msaliti

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27 na nina mchumba, mwaka huu ni wa tatu tuko pamoja. Tumekuwa tukitazama msimu wa pili wa The Traitors ya Uingereza, ule mchezo wa runinga wa kudanganyana, kila jioni kipindi kimoja. Siku ya fainali, Harry akamzunguka Mollie, rafiki yake wa karibu kuliko wote mle ndani, akaondoka na hela zote. Mimi nikapiga makofi. Mollie alipoanza kulia nikacheka, nikasema, "Mchezo ndio huo, dada!" Mchumba wangu akazima runinga. Akasema anayemtetea msaliti naye ana usaliti moyoni, na sasa ameshajua nitakachomfanyia siku moja. Nilidhani ni hasira za usiku mmoja tu. Wiki tatu zimepita, kila jioni anataka kuona simu yangu, na nikitaja harusi ananiambia tusubiri kwanza. Nimebishana naye mpaka nimechoka. Je, ni kosa kumtetea Harry? Au nina kasoro ambayo mwenyewe siioni?

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Harry, kwa sababu kwake nina msimamo na sitaki kuuzungushazungusha. Harry Clark hakutenda dhambi kwa kucheza vile. Nilitazama fainali hiyo ilipotoka Januari 2024, moyo ukaniuma kwa ajili ya Mollie, na bado nilisema alichofanya Harry kilikuwa halali yake.

Kwa wasomaji ambao hawakuutazama, mchezo unakwenda hivi. Washiriki 22 wanakusanywa kwenye kasri la Ardross huko Scotland. Wanaketi kwenye meza ya duara wamefungwa vitambaa machoni, na mtangazaji, Claudia Winkleman, anapita nyuma yao akiwagusa bega wachache. Walioguswa ndio Wasaliti, waliobaki ni Waaminifu. Usiku Wasaliti wanachagua wa "kumuua," yaani mtu wa kuondoka mchezoni. Mchana watu wote wanapiga kura kumtoa wanayemshuku. Mwisho wa yote, wakibaki Waaminifu watupu wanagawana fedha. Akisalia Msaliti hata mmoja, anazikomba zote. Msimu ule zilikuwa pauni 95,150.

Sasa simama pale alipokuwa amesimama Harry. Wamebaki watatu, yeye, Mollie na Jaz. Watu wanaomlaani husema angemhurumia rafiki yake. Angemhurumia vipi? Akimwambia ukweli, anatolewa, fedha zinakwenda kwa wengine. Akinyamaza, anashinda peke yake. Njia ya kugawana nusu kwa nusu na Mollie haikuwepo, kanuni zenyewe hazikumpa. Mtu anayemdai Harry uaminifu pale anamdai ashindwe kwa makusudi, na hilo sijasikia likidaiwa kwa mchezaji mwingine yeyote. Mshambuliaji akimpiga beki chenga, mwili umeinamia kushoto mpira umekwenda kulia, hatusemi amemdanganya beki. Beki aliingia uwanjani akijua atapigwa chenga. Mollie naye aliingia kwenye kasri lile akijua kwamba kati ya watu atakaowakumbatia, wapo watakaomdanganya mpaka mwisho. Wote 22 walilijua hilo.

Kuna jambo ambalo mchumba wako huenda hakuliona. Jaz alikuwa Mwaminifu, na alikuwa amekwisha kumshuku Harry. Kura ya mwisho, Mollie aliandika jina la Jaz. Alimtoa mtu mkweli aliyekuwa anajaribu kuwaokoa wote wawili, akambakiza anayemmaliza. Je, tumwite Mollie mkatili? Hapana. Alicheza kwa alichokijua, akakosea, basi. Tunampa Mollie msamaha wa mchezo bila hata kufikiri, kisha tunamnyima Harry msamaha huohuo.

Tena, angalia tunavyopima kwa mizani mbili. Mwaka 2025 ulitoka msimu wa watu mashuhuri, na mchekeshaji Alan Carr akawa Msaliti. Mtu wa kwanza kumuua alikuwa Paloma Faith, rafiki yake wa huko nje kabisa, na alimmaliza kwa kumgusa usoni mbele ya watu. Akaendelea kudanganya mpaka fainali, akawashinda Nick Mohammed na David Olusoga waliokuwa wamemwamini. Alipokiri, alilia machozi. Fedha zake, pauni 87,500, zilikwenda kwa shirika la kusaidia watoto wenye saratani. Wengi walimpenda zaidi baada ya hapo. Tendo ni lilelile, mwanangu. Tofauti ni machozi na mahali fedha zilipokwenda. Nadhani mara nyingi tunachokihukumu ni uso wa mtu baada ya tendo, na tendo lenyewe tunalisahau.

Sisemi kila kitu kinaruhusiwa mradi kuna kamera. Mpaka upo, na mimi nauweka hapa: mchezaji asichukue kitu kitakatifu cha nje ya mchezo akakigeuza chambo. Mwaka 2003, kwenye Survivor ya Marekani, mchezo mwingine wa runinga, mshiriki mmoja alipanga na rafiki yake kwamba akija kumtembelea kambini amwambie bibi yake amefariki. Bibi alikuwa hai. Wenzake wakamwonea huruma, wakamwachia zawadi ya siku hiyo. Huyo simtetei hata kwa neno moja. Wale watu hawakukubali kulia msiba wa uongo. Harry hakufanya kitu cha namna hiyo. Alimdanganya Mollie kuhusu jambo moja tu, lile ambalo mchezo wote umejengwa juu yake.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu. Si kosa kumtetea. Na hoja ya mchumba wako kwamba anayemtetea msaliti wa mchezoni atasaliti nyumbani, haisimami. Ndoa si kasri la Ardross. Hakuna anayeingia kwenye ndoa akiwa amekubali kudanganywa, na ndiyo maana uongo wa ndani ya ndoa unavunja watu kwa namna ambayo mchezo hauwezi.

Lakini mwanangu, nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali palepale. Umeandika, "Nikacheka."

Harry alikuwa na sababu ya kufanya alichofanya. Wewe ulikuwa na sababu gani ya kucheka? Kanuni zilimpa Harry haki ya kumdanganya Mollie, ila mapenzi ya Mollie kwake hayakuwa ya mchezo. Aligundua mbele ya kamera kwamba mtu aliyemshikilia kuliko wote ndiye aliyekuwa anamzunguka tangu siku ya kwanza. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mtu anaweza kusema "Harry alicheza sawasawa" na bado koo likamkaba akimtazama Mollie. Mimi ndivyo nilivyokuwa. Wewe ulimpongeza mshindi, halafu ukamsimanga aliyeumia, na pembeni yako ameketi mtu anayetaka kukuoa.

Nahisi hicho ndicho alichokisikia. Wiki tatu mnabishana kuhusu Harry, na simu yako inapekuliwa kila jioni, wakati pengine yeye anajiuliza swali jingine kabisa: siku nikilia mimi, huyu atacheka? Wewe unamjibu kwa kanuni za mchezo, na kadiri unavyozieleza vizuri ndivyo anavyozidi kuogopa.

Basi acha kumtetea Harry mbele yake. Nimekwisha kumtetea mimi, inatosha. Mtafute akiwa ametulia, runinga imezimwa, mwambie hivi au kwa maneno yako: "Nilicheka mtu akilia, na najua kilikuumiza. Naomba radhi kwa kicheko kile." Usiongeze "lakini." Usirudi kwenye hoja. Msimamo wako kuhusu mchezo unaweza kubaki nao mpaka uzeeni, hakuna anayekudai uufute. Radhi unayoiomba ni ya kicheko tu.

Kisha muulize nani aliwahi kumzunguka. Muulize kwa upole, halafu nyamaza umsubiri, hata kimya kikiwa kirefu. Mwanaume hazimi runinga na kusitisha harusi kwa sababu ya mtu asiyemjua aliye Uingereza. Kuna mtu alikuwa Harry wake, katika maisha ambayo hayakuwa na kanuni, na huenda hajawahi kukusimulia. Huenda ni mpenzi wa zamani, huenda ni ndugu au mzazi. Akikueleza, usimlinganishe na yeyote wa kwenye runinga. Msikilize yeye tu.

La simu nakuambia waziwazi, maana hapo sikubaliani naye hata kidogo. Woga wake naweza kuuelewa, ila upekuzi wa kila jioni haumtibu. Leo hakuona kitu, kesho atahisi umefuta. Ukiendelea kumpa, utaingia kwenye ndoa ukiwa mshukiwa wa kudumu, kila siku ukijitetea kwenye meza ya duara sebuleni kwako. Baada ya kumwomba radhi na kumsikiliza, mwambie kwamba simu huitoi tena kwa ukaguzi, na kwamba akiwa na jambo linalomtia shaka akuulize uso kwa uso nawe utamjibu. Mpe mwezi mmoja au miwili. Akilegea, rudini kwenye mazungumzo ya harusi. Asipolegea, akaendelea kukushtaki kwa kosa ambalo hujalitenda, hapo usikubali kupanga tarehe yoyote, hata akiomba yeye, mpaka mkae na mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili.

Niandikie ukishazungumza naye. Nataka kujua alikujibu nini ulipomuuliza.

Shangazi yako.