Maswali yenu: choo cha shule, sare za kikundi na asilimia 2

Barua nyingi wiki hii zinahusu manunuzi ya umma. Nimechagua nne.

Tunajenga choo cha shule, matundu sita. Duka la vifaa liko ng'ambo ya barabara, ila tunaambiwa lazima tupitie NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Kwa nini? (Mjumbe wa kamati, Mbagala)

Ndugu mjumbe, fedha yenu imetoka halmashauri, na sheria huifuata fedha ya umma hadi mtaani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka manunuzi yapite kwenye mfumo huo ili bei na mshindi vionekane. Hilo naliunga mkono kabisa.

Kinachoniuma ni choo kubebeshwa makaratasi kama ya barabara ya lami. Niliwahi kukaa kwenye kamati kama yenu. Bei ya saruji mifuko 60 tulishaipata, tukasubiri idhini. Ilipokuja, bei imepanda, masika yameanza, na nusu ya lori la mchanga imeshuka na maji mpaka mtaroni. Fundi alishapata kazi kwingine. Mwalimu mkuu alikuwa akiingia kwenye mfumo usiku, kwa bando lake, akishamaliza kusahihisha madaftari. Yeye ni mwalimu, hakusomea ugavi! Halmashauri impeleke afisa ununuzi kwenye kata, hata siku moja kwa wiki. Nanyi orodhesheni mahitaji yote kabla fedha haijaingia, msingoje fundi aseme misumari imeisha.

Tukigawa manunuzi vipande vipande ili tukwepe zabuni? (Temeke)

Msithubutu. Sheria inakataza, na risiti za duka moja zilizofuatana tarehe mkaguzi haziwezi kumpita.

Kikundi chetu cha akina mama tunashona sare. Hiyo asilimia 30 tunaipataje? (Manzese)

Dada zangu, ni haki yenu. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kisajiliwe, kiwe na TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti ya benki, ndipo kiingie NeST. Angalieni jina: kwenye katiba mmeandika "Umoja", benki "Umoja Group", na hapo ndipo wengi wanakwama. Halafu, nawasihi, nywila isibaki kwa kijana wa steshenari. Awepo binti mmoja kikundini anayeufungua mfumo mwenyewe kwenye simu yake, maana tangazo la zabuni halisubiri.

Niliuzia shule ya serikali madawati, nikakatwa asilimia 2. Nimedhulumiwa? (Fundi, Keko)

Hapana, fundi. Hiyo ni kodi ya zuio kwa bidhaa zinazouzwa serikalini. Lakini ni kodi yako uliyokwishalipa, kwa hiyo mdai mhasibu hati ya zuio, uende nayo TRA ikahesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Usiondoke bila hiyo hati.