Mpira unaokata kulia: tazama nyonga kabla ya kulaumu mikono

Wengi wanaoanza gofu hapa Mwanza huishika fimbo kama jembe. Wanaipandisha juu ya kichwa, wanaishusha wima kwa nguvu za mabega, na mpira unaanzia kushoto kisha unakata kulia. Aliyezoea kufyeka nyasi ana afadhali, maana fyekeo hupita ubavuni na kiuno ndicho kinacholivuta. Swingi, yaani mzunguko mzima wa kupandisha na kushusha fimbo, iko kati ya hizo mbili, ila karibu zaidi na fyekeo. (Maelezo haya ni ya anayepiga kwa kulia, wa kushoto ageuze.)

Fimbo kila moja ina mlalo wake. Ayoni 7, fimbo ya kichwa cha chuma yenye inchi 37 hivi, huinuka kutoka ardhini kwa nyuzi 62 hivi. Draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, ina inchi kama 45, inalala zaidi, hivyo unasimama mbali na mpira na swingi inakuwa bapa zaidi. Jifunzie ayoni 7. Draiva ikae kwenye begi mwezi wa kwanza, hata ikikutamanisha vipi.

Inamia kwenye nyonga, mgongo umenyooka, mikono ining'inie. Kati ya kitako cha fimbo (ncha ya upande unaoshika) na mapaja ipite ngumi moja. Geuza mabega mpaka mgongo utazame unakolenga, yaani nyuzi 90 hivi, nyonga zikigeuka nusu yake. Bega la kushoto lishuke kuelekea mpira. Likizunguka sambamba na ardhi, ujue umeinuka. Mkono wa kushoto ukifika usawa wa ardhi, simama hapo hapo uangalie kitako cha fimbo. Kikielekea mstari wa mpira, unaotoka mpirani kwenda unakolenga, sawa. Kikielekea vidole vya miguu, fimbo imesimama mno: ni jembe lile lile. Kikielekea mbali, ng'ambo ya mpira, umeilaza kupita kiasi. Mwenye mgongo mgumu ageuzie nje kidogo mguu wa kulia na aache kisigino cha kushoto kinyanyuke. Kujilazimisha ndiko kunakoumiza kiuno.

Kushuka ndiko kunakoharibu zaidi. Mabega yakitangulia, fimbo hutupwa nje ya mstari, kisha hukata kuja ndani, upande wako. Mpira unaanzia wapi, kwa sehemu kubwa huamuliwa na uso wa fimbo, yaani upande unaogonga mpira. Unakunja kwa sababu uso huo na njia ya fimbo vimepishana. Ndiyo maana anayelenga kushoto zaidi ili afidie huzidi kuukunja kulia. Utaratibu ni huu: uzito uhamie mguu wa kushoto wakati mgongo bado umetazama lengo, nyonga zifunguke, mikono ifuate.

Laza chupa tupu ya maji ya nusu lita sentimita 10 nje ya mpira (upande wa mbali nawe) na kama 20 nyuma yake (upande wako wa kulia). Piga nusu swingi. Ukigonga chupa, mabega yametangulia. Swingi 10 bila mpira, halafu mipira 10, halafu rudia. Mipira 100 ya haraka hukazia kosa tu.

Kuyumba ni kosa jingine, na wengi hudhani ndiko kuzunguka. Asubuhi, saa mbili na nusu hivi, lipe jua mgongo. Weka mawe mawili, moja kila upande wa kivuli cha kichwa chako, ukiacha nafasi ndogo. Zungusha mwili polepole. Kivuli kikipita jiwe la kulia, umesogea badala ya kugeuka, na utasikia uzito umeenda ukingo wa nje wa kiatu cha kulia. Kama tatizo ni nyonga kusogelea mpira wakati wa kupiga, weka stuli iguse makalio: la kulia liiguse unapopandisha, la kushoto unaposhuka.

Asubuhi ina faida nyingine: upepo wa ziwani bado haujaanza. Mchana ukishavuma, hutajua mpira umekunjwa na swingi au na upepo. Umande utalowesha gripu, sehemu ya kushikia fimbo, kwa hiyo beba taulo. Na ukijifunzia nje ya uwanja, chomeka kijiti ardhini kwanza. Mwanza hii jiwe halikosi chini ya nyasi, na ayoni ikikutana nalo kiwiko kitakuuma wiki nzima.