Wafuasi 11,000 na daftari moja

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikaa kibarazani peke yangu nikusikie vizuri. Umechoka, nimesikia. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, uweze kurudia pale utakapotaka.

Umeniuliza mawili. Kodi ya fremu yako hapo Dodoma ikiisha, uifunge uuze khanga na vitenge kwa simu tu? Na yule kijana anayetaka laki tatu akuongezee wafuasi wa Instagram kutoka 11,000 wafike 30,000, umpe?

Kijana usimpe. Wafuasi wa kununua ni akaunti tupu. Hazivai khanga, hazina harusi, hazina mama wa kumpelekea zawadi ya Idi. Hao 11,000 ulio nao wamekuja wenyewe, na bado mwezi uliopita umeniambia umeuza doti 19 tu kwa simu. Basi shida si uchache wa watu. Watu wanafika mlangoni kwako wanageuka, na juzi niliingia kwenye ukurasa wako kama mteja nione kinachowageuza.

Khanga ya kwanza niliyoikuta umeipiga picha usiku, kwa taa ya ndani, ikiwa imekunjwa. Pindo naliona upande mmoja. Mji, ule mchoro wa katikati, hauonekani wote. Jina, yale maneno yake, limeingia kwenye mkunjo, nimesoma "JAPO SIPATI" basi, hiyo "TAMAA SIKATI" nimeijua kwa sababu nimeiuza miaka mingi. Mwanangu, hakuna mwanamke anayenunua nusu ya jina. Huenda anampelekea wifi yake, na neno moja likienda kombo amenunua ugomvi kwa pesa zake. Itandaze khanga yote asubuhi, karibu na mlango, jua lisiipige moja kwa moja, na taa ya simu izime. Picha ya kwanza doti nzima. Ya pili jina peke yake, lisomeke bila mtu kuvuta kwa vidole. Ya tatu ishike kitambaa mkononi ili uzito wake uonekane.

Haya nayasema kwa kuungua. Kuna mama wa Moshi aliagiza kwangu vitenge 24 vya sare ya harusi ya binti yake. Nilimtumia picha niliyoipiga saa mbili usiku kwa haraka, na zambarau ikatoka bluu. Mzigo ulipofika akanipigia huku analia, zimebaki siku tisa. Nililipa nauli ya mzigo kurudi, nikalipa ya kupeleka mwingine, faida yote ikaishia kwenye basi. Lakini nilipokea simu yake pale pale, sikumwambia "picha na kitu havifanani kila mara". Hadi leo ananunua kwangu, na wadogo zake wananunua.

La pili nililoliona kwako ni maneno "bei njoo inbox". Yaondoe leo. Mteja akiyasoma anawaza utampima kwanza uone ana uwezo gani, ndipo umtajie. Tena nilichukua laini ya mdogo wako nikakuuliza bei saa nne asubuhi. Umenijibu saa kumi na moja jioni. Mtu aliyeuliza saa nne ameshanunua kwa mwenzio saa tano. Andika bei chini ya kila picha, na nauli ya mzigo kwenda Singida, Iringa, Dar. Ile programu ya WhatsApp Business ni ya bure, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake, ina majibu unayoyaandaa mapema yakatoka kwa kugusa mara moja, na ina lebo. Mimi zangu ni tatu tu: anaulizia, amelipa, mzigo umetoka. Kila jioni kabla ya kulala napitia lebo ya "amelipa", na isipokuwa tupu silali.

Sasa daftari. Unakumbuka lile la jalada gumu jeusi lililokaa juu ya kabati la mizigo? Nililianza kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2008, wakati mteja wa Korogwe alifunga noti kwenye bahasha akampa konda, nami nikaenda stendi kuipokea. Njia ya pesa imebadilika, ya picha imebadilika, daftari bado naandika: jina, namba, anakaa wapi, anapenda rangi gani, harusi au arobaini iko lini. Wafuasi wako wa Instagram si mali yako, wako nyumbani kwa mtu mwingine. Jumatatu ile ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima jioni mpaka kupita saa sita za usiku kwetu, nilikuwa na mizigo mitano ya kutoa alfajiri. Nilifungua daftari, nikampigia mmoja mmoja kwa salio la kawaida. Yote mitano ilisafiri.

Kuna na hili ambalo vijana wengi hawalijui. Ukituma ujumbe wa pamoja kwa orodha ya WhatsApp, watu 256 ndio mwisho wa orodha moja, na anayeupata ni yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akishalipa, mwambie: "Dada, hifadhi namba hii, mzigo mpya ukishuka nikuoneshe wewe kwanza." Na kweli umuoneshe yeye kwanza. Asiyetaka kutumiwa, mfute siku hiyo hiyo.

Kwenye pesa kuwa mkali. Chukua Lipa Namba, pesa ya duka isilale pamoja na ya unga. Na usitoe mzigo kwa kuoneshwa meseji. Mimi nilipoteza shilingi 186,000 dukani kwangu mwenyewe, mchana, kijana mtanashati akinionesha kwenye simu yake kwamba amelipa, na kwangu ikaingia meseji yenye jina langu kabisa. Ilitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Sikutazama salio kwa sababu watu walikuwa wengi kaunta. Tazama salio, hata foleni iwe ndefu kiasi gani. Zile namba za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, na ubonyeze *106# ujue kama hakuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Weka pia ile namba ya siri ya pili ya WhatsApp. Tarakimu sita zikija kwa meseji usimsomee mtu yeyote, hata akijiita mtu wa mtandao.

Kuhusu fremu, usiifunge bado. Dodoma ya sasa imejaa wafanyakazi waliohamia na serikali, wanatoka ofisini jioni, wanapita mlangoni kwako. Aliyeshika kitambaa chako mara moja kwa mkono wake, mara ya pili ataagiza kwa picha bila wasiwasi. Lakini hiyo fremu ni kubwa kwako. Mtafute fundi cherehani anayejiheshimu mkae wawili, mgawane kodi, maana anayenunua kitenge anatafuta fundi saa hiyo hiyo. Kisha kwa miezi mitatu andika kila mauzo yametokea wapi: mlangoni, stetasi, Instagram, au ameletwa na mtu. Mwezi wa tatu ukiisha nitumie picha za kurasa hizo tuamue pamoja. Na leseni yako na TIN ziwe hai vyovyote utakavyoamua, duka likiwa ndani ya simu ni duka vile vile.

Alhamisi nakutumia doti 40 kwa basi la asubuhi, 12 kati yake ni kisutu, msimu wa harusi umekaribia. Namba ya gari nitakutumia kwa meseji ya kawaida. Ukifungua mzigo nipigie, nataka kusikia sauti yako. Na picha usipige usiku huo, subiri kuche.

Mama yako,
Tanga