Muulizeni Anayemdai

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: mtu akiokoka, nani wa kwanza kuyaona mabadiliko yake? Wengi watataja mke, watoto, au mchungaji. Mimi namtaja anayemdai.

Mtaani kwetu yupo fundi seremala aliyekuwa maarufu kwa kula vianzio vya watu. Unampa nusu ya fedha ya kitanda cha mninga, unazungushwa na "njoo kesho, mama" mpaka unachoka, mwisho unaletewa paini iliyopakwa vanishi nzito ili ifanane na mninga. Alipookoka akapewa kipaza sauti Jumapili. Akashuhudia vizuri kweli: pombe, bangi, usiku wa kulala mtaroni. Vigelegele vikajaa kanisani. Mama lishe mmoja, ambaye fedha yake ya kabati la vyombo ilikuwa imeliwa, alikaa kimya, mikono mapajani. Hakuwa na chuki. Alikuwa anasubiri kusikia habari ya kabati, na haikutajwa.

Pombe na bangi ni dhambi nyepesi kutangaza, kwa sababu hazina mwenyewe atakayesimama kanisani adai chake.

Ukiligusa jambo hili utajibiwa upesi: "Ya kale yamepita!" Ni kweli, Paulo aliwaandikia hivyo Wakorintho. Lakini Paulo huyohuyo, alipomrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, hakusema kama lipo deni basi limepita. Alimwambia Filemoni aliandike juu yake yeye Paulo, naye atalipa, na akaiweka ahadi hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu yupo Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, ambaye tunawaimbia watoto habari ya kimo chake kifupi tu na kusahau hesabu yake: kama alimdhulumu mtu, atamrudishia mara nne. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka anayeungama arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Kulipa wanne kwa mmoja ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Iko kwenye Kutoka 22. Zakayo angeweza kutoa ile sehemu ya tano akalala usingizi. Badala yake alijihukumu kama mwizi wa kondoo, tena baada ya kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini. Na asije mtu akaniambia kwamba hapo alikuwa ananunua wokovu: Yesu alikwisha kujialika nyumbani kwake yeye akiwa bado juu ya mkuyu, kabla hata senti moja haijarudi kwa mwenyewe.

Wazee wetu wa Kagera hawahitaji kufundishwa hili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na Kenya na kushuka mpaka Bukoba, ulijulikana kwa watu kuungama hadharani, kisha kwenda kwa waliowakosea, kurudisha walivyoiba na kulipa madeni. Hata asiyekanyaga kanisani alijua pana jambo limetokea, maana jembe lake limerudi.

Turudi kwa fundi. Ilipita miezi. Asubuhi moja alifika kibandani kwa mama lishe na, mbele ya wasichana waliokuwa wanasukuma chapati, akasema, "Mama, nilikula hela yako. Kuirudisha yote sina, ila kabati nitakutengenezea."

Mama hakuacha kugeuza chapati. "Mninga au paini?"

"Mninga."

Nimeliona kabati lenyewe. Mbele limeng'aa, lakini mgongo aliuacha bila vanishi makusudi, mbao ionekane ilivyo.

Yapo ambayo hayarudi kwa mbao wala kwa fedha; baba aliyemtelekeza mwanawe miaka yote hawezi kumletea utoto wake kwenye bahasha. Hapo sina jibu la haraka, ila bado naona safari ya kwanza iwe kwa huyo mtoto, kipaza sauti kitasubiri.

Wateja wa fundi siku hizi hununua mbao wenyewe, wakampelekea, na ujira wanalipa kazi ikiisha. Baadhi ya waumini wananung'unika kwamba huko ni kumnyanyapaa ndugu aliyeokoka. Wamuulize basi, maana utaratibu huo ameuweka yeye.

Msomaji wenu, Bukoba