Nguvu ya kupanda mlima hutoka wapi kwenye silinda?

SWALI: Nina Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Farasi zake ni kama 130, sawa na gari la petroli la sisi (cc, ujazo wa injini) 2000 la jirani yangu. Mbona mlima Kitonga napanda na mzigo, yeye anahangaika na gia? Siku hizi na yangu imeanza kulegea mlimani. Nibadilishe nozeli zinazopuliza dizeli? Msomaji, Iringa.

JIBU: Kinachokupandisha ni nguvu ya mzunguko kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Farasi ni nguvu hiyo ikizidishwa kwa kasi ya injini. 1HZ inatoa Nm (kipimo cha nguvu ya mzunguko) 285 hivi ikiwa mizunguko 2200 tu kwa dakika. Petroli ya sisi 2000 isiyo na tabochaja kwa kawaida huishia kwenye Nm 200 hivi, kwa hiyo farasi zake inazipata kwa kukimbizwa.

Pistoni yako ina kipenyo cha mm 94. Gesi ikifika bar 50, inakandamizwa kwa uzito wa karibu tani tatu na nusu. Lakini ikiwa juu kabisa, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) na mkono wa krenki vimenyooka mstari mmoja: uzito wote unaishia kwenye beringi, krenki haisogei. Ndiyo maana presha inatakiwa ifike kileleni krenki ikiwa imeshapita pale juu kwa nyuzi 10 hadi 15. Ikiwahi, inaipiga pistoni ambayo bado inapanda, na injini inagonga. Ikichelewa, moto unaifukuza pistoni inayoshuka, na joto linatokea ekzosi.

Wengi wanausifu mkono mrefu wa krenki, ambao kwako ni mm 50. Tusidanganyane: kwa ujazo uleule, ukirefusha mkono unapunguza upana wa pistoni, faida inakufa. Kinachokubeba ni ujazo, sisi 4164.

Nozeli ziache kwanza. Moshi ukiwa mweusi, fungua filta ya hewa. Kisha kagua taimingi ya pampu, yaani wakati inaposukuma dizeli, maana mkanda wa taimingi ukiruka jino moja tu mlimani utajua. Halafu pima kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) injini ikiwa ya moto, plagi za kupashia zote sita zikiwa nje. Silinda mbili zinazopakana zikisoma chini, shuku gasketi ya hedi. Ikiwa ni moja, ni ringi au valvu. Fundi asimimine oili ndani kupima ringi kama afanyavyo kwenye petroli: chumba cha dizeli ni kidogo, oili inajaza nafasi na geji inadanganya. Silinda moja ikifa unapoteza zaidi ya sehemu moja ya sita ya nguvu, kwa sababu zile tano zinaivuta na yenyewe.